Jimbo la Kuzikana

Nchi yetu ina amani. Natanguliza hilo kwa sababu ndivyo tulivyoagizwa kuanza kila barua, kila hotuba na kila hati ya kifo, nami katika miaka ishirini na sita ya utumishi sijawahi kuruka mstari wa kwanza. Ina amani hata saa sita mchana, jua la utosi, ile saa ambayo bibi yangu alikuwa akitufungia ndani na kusema tunyamaze, wenyewe wanapita. Siku hizi saa hiyo ikifika navua kofia, nakaa kimya mpaka ipite. Mke wangu anasema nimeanza kuzeeka vibaya. Haya, na iwe hivyo.

Mimi ni Yusto, karani wa kumbukumbu katika Tume Kuu ya Mipaka ya Majimbo. Kazi yangu ni kuandika wanayosema wananchi. Kuelewa si kazi yangu. Kuelewa kuna idara yake, iko ghorofa ya nne, na lifti inaishia ya tatu.

Mwaka ule Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Daktari Kwangala, alitangaza kwamba majimbo ya uchaguzi yatachorwa upya, na safari hii hayatafuata mito wala milima. Yatafuata maslahi ya pamoja ya wananchi.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Mto hauna akili! Mlima haupigi kura! Kuanzia leo, mpaka utapita katikati ya moyo wa mwananchi!"

Tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Kuna bwana mmoja aliuliza, mpaka ukipita katikati ya moyo, huo moyo utabaki salama kweli? Alisaidiwa kutoka nje na watu wawili, kwa heshima zote.

Tukazunguka nchi nzima na Fomu Namba Kumi na Moja. Ilikuwa na swali moja tu: "Ninyi mnashiriki nini?" Chini yake palikuwa na visanduku vinane vya herufi, kwa sababu mashine ya ghorofa ya nne inameza herufi nane. Ya tisa inaipalia.

Watu wa Mlimani walisema wanashiriki barabara. Herufi nane, ikaenea vizuri kabisa. Wakapewa Jimbo la Barabara, urefu kilomita arobaini, upana mita saba. Mbunge wao hana mahali pa kugeuzia gari, kwa hiyo akitoka kwa wapiga kura wake anarudi kinyumenyume hadi bungeni. Wenye nyumba za kuta ndefu kule Bustanini wao hawakuja mkutanoni, wakatuma mlinzi aseme wanashiriki ukimya. Wakapewa Jimbo la Ukimya. Watu wa sokoni, maskini, walisimama wote wakapaza sauti moja kwamba wanachoshiriki ni shida.

Mheshimiwa alitikisa kichwa kwa huruma. "Shida haina mipaka, ndugu zangu," akasema. "Na kitu kisicho na mipaka, Tume haiwezi kukichora."

Kwa hiyo nikawaandikia: Hawana. Likawa Jimbo la Hawana.

Kisha tukafika Kitopeni.

Kitopeni ni mtaa wa bondeni, nyuma ya karakana ya zamani ya reli. Nyumba zimebanana hivi kwamba ukipiga chafya chumbani kwako, nyumba ya tatu wanakuitikia "Afya!" Wapo Waislamu, wapo Wakristo, wapo waliokwisha sahau. Wapo wastaafu wa reli, wauza mkaa, washona nguo. Lugha za nyumbani ni kumi na moja, lakini jeneza la kubebea ni moja, la mninga, lenye mikono minne iliyolainishwa na viganja vya watu. Alilichonga Bwana Gervasi, seremala mstaafu wa reli, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama chao cha kufa na kuzikana. Waislamu wanalaza maiti wao humo, Wakristo wanaweka sanduku lao juu yake. Likitoka, mtaa mzima unatoka.

Walitupokea chini ya turubai la misiba, maana hawana jingine. Bwana Gervasi alisema maneno mengi ya busara, na Mheshimiwa akatazama saa yake mara nne. Ndipo akasimama mama mmoja mwembamba, muuza vitumbua, umri wa miaka sabini na kitu. Jina lake Bi Sikudhani.

"Baba, mimi sijasoma," alisema, "lakini swali nimelisikia. Tunashiriki nini? Huyu Gervasi unayemwona ni Mkristo, na alishuka mwenyewe kaburini kumpokea mume wangu Shomvi. Mkewe alipofariki, mimi nimekaa matangani kwake mpaka matanga yanaanuliwa. Huku kwetu usituulize kabila. Sisi ni watu wa kuzikana, basi. Sasa tunasikia mnataka kutukata vipande. Mimi moyo wangu mgonjwa, daktari kaniambia wazi siku zangu si nyingi. Nakuuliza moja tu, baba yangu. Mkitukata, mie nani atanizika?"

Mheshimiwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Maoni mazuri sana," akasema. "Karani, andika."

"Niandike nini, Mheshimiwa? Visanduku ni vinane."

"Andika alichosema mama!"

Nikaandika KUZIKANA. Ikaenea. Na Mungu anisamehe, nilifurahi ilivyoenea, kila herufi na chumba chake. Lilikuwepo neno jingine, ujirani. Herufi saba tu, na kisanduku kimoja kingebaki kitupu cha kupumulia. Halikunijia siku ile. Siku hizi linanijia kila siku, sijaliita.

*

Ramani ilitoka baada ya miezi miwili, ya rangi, na picha ya Mheshimiwa mahali pa kaskazini.

Ghorofa ya nne walikuwa wamesoma neno langu kwa makini. Wakaona, kama maslahi ya pamoja ya Kitopeni ni kuzikana, basi maslahi hayo yako wapi? Yako makaburini. Wakachukua rula, wakachora mpaka kuyazunguka Makaburi ya Mkwajuni, eka kumi na mbili, wakayaita Jimbo la Kuzikana. Na kwa kuwa maslahi ya wakazi wa Kitopeni sasa yalikuwa na jimbo lake, wakazi wenyewe waliobaki wakagawiwa majirani. Upande wa karakana ukaenda Barabara, upande wa kisima ukaenda Ukimya, wa katikati wakatupwa Hawana. Bwana Gervasi akaangukia Barabara. Bi Sikudhani, ambaye kuanzia saa kumi na moja alfajiri anaita watu wake waje kununua vitumbua, akaangukia Ukimya.

Gervasi alikuja ofisini akiwa amevaa koti la kanisani.

"Mheshimiwa, mmewapa jimbo wafu!"

"Bwana Gervasi," Mheshimiwa akajibu kwa upole ule wa kutisha, "serikali hii haibagui. Hao ni wakazi wa kudumu. Nionyeshe mtaa mwingine katika nchi hii ambao wakazi wake hawahami, hawaandamani, wala hawaulizi maji yanatoka lini. Wakazi elfu nne mia moja na kumi na wawili, na hakuna hata mmoja mwenye doa! Mimi binafsi natamani majimbo yote yangekuwa hivi."

"Na sisi tulio hai?"

"Ninyi mna siku thelathini za pingamizi, kila mtu katika jimbo lake. Na katika siku hizo, watu wa jimbo moja ni marufuku kuingia jimbo jingine wakizidi wawili, wasije wakawashawishi wakazi. Mstari wa chokaa utachorwa Jumatatu."

Gervasi aliponikuta kwenye ngazi hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliniuliza tu kwa sauti ya chini, mtu anafanyaje ili awe mkazi wa Jimbo la Kuzikana? Nikamwambia ukweli, maana uko kwenye kanuni: mkazi ni mtu yeyote mwenye makazi yaliyopimwa urefu na upana.

Jumamosi ile chama kilichimba kaburi la Bi Sikudhani ubavuni mwa mumewe, mwanandani wa kulaza maiti na kila kitu, wakalifunika kwa mbao. Nilikwenda kupima mwenyewe. Nikaandika: urefu futi sita, upana futi mbili na nusu, chumba kimoja, choo hakuna. Nikagonga mhuri. Akawa mkazi wa elfu nne mia moja na kumi na tatu, na wa kwanza kuja kuchukua kitambulisho kwa miguu yake.

"Mungu si Athumani," akasema, akikifunga kwenye pindo la kanga. "Sasa angalau nina haki ya kulala na mume wangu."

Tulicheka wote. Gervasi alicheka mpaka akalazimika kukaa chini, halafu nikaona kumbe halikuwa cheko tena.

*

Kukusanya pingamizi za Jimbo la Kuzikana nilipangiwa mimi. Nikapewa meza, kiti, mwavuli wa Tume na kitabu. Utaratibu ulikuwa wazi: mara tatu kwa siku, saa tatu, saa sita na saa tisa, karani asimame na kuuliza kwa sauti mara tatu, "Kuna mwenye pingamizi?" Angoje dakika moja. Asipojibiwa aandike "Hakuna."

Nje ya chokaa alikuwa Afande Mabruki, mtu mzuri, hana neno na mtu, analinda mstari kama alivyoambiwa. Ndani tulikuwa mimi na wakazi.

Bi Sikudhani alifika siku ya kwanza na mkeka, chupa ya chai na vitumbua vilivyobaki.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akanikaribisha. "Ingawa wenyeji wa hapa, mwanangu, hawaponi tena."

Akatandika mkeka kando ya zile mbao, akatoa kitambulisho, akaweka pingamizi lake. Nikaliandika vizuri na kulipeleka. Kesho yake ghorofa ya nne wakajibu: mkazi mmoja amepinga, wakazi elfu nne mia moja na kumi na wawili wamenyamaza, na kunyamaza ni kukubali. Jimbo limepita, ila karani aendelee kuuliza mpaka siku thelathini zitimie.

Nilimsomea.

"Wamenyamaza? Nani kakwambia wamenyamaza?"

Nilidhani ni masihara ya kizee. Lakini siku ya tisa, saa sita mchana, kivuli changu kikiwa kimejikunja chini ya nyayo, niliuliza mara ya tatu kama kuna mwenye pingamizi, nikasikia mtu anasafisha koo. Si upepo, hapakuwa na upepo. Ni koo la mtu mzima, vile mtu anavyofanya kabla ya kusema mbele za watu. Nikageuka. Bi Sikudhani alikuwa anamimina chai.

"Huyo Shomvi," akasema bila kuinua macho. "Maisha yake yote alianza hivyohivyo, na asiseme kitu."

Nikatazama kitabu. Kulikuwa na safu ya "Wamepinga" na safu ya "Hakuna." Ya waliosafisha koo haikuwepo. Nikaandika Hakuna.

Baada ya hapo haikupita siku bila jambo. Siku ya kumi na mbili ulisikika mnong'ono, kama wa kikao ambacho mwenyekiti bado hajafika. Siku ya kumi na sita majani mbele ya meza yangu yakaanza kulala chini, ukanda mwembamba, mrefu, ukianzia mezani, ukipita kwa Waislamu, ukikata kwa Wakristo, ukiishia kule katikati walikozikwa ambao hakuna aliyewajua dini. Ilikuwa foleni. Mimi ni karani, foleni naijua. Wakazi walikuwa wamepanga foleni mbele yangu, nami ninaandika Hakuna, Hakuna, Hakuna, jasho linadondokea wino.

"Unaandika hakuna, na wao hao wamesimama," Bi Sikudhani akasema siku hiyo. Sauti yake ilikuwa imepungua, alikuwa akipumzika kati ya neno na neno. "Unawaogopa?"

"Naogopa ghorofa ya nne, Bi."

"Pole, mwanangu." Na kweli alinionea huruma, nilimwona. Akanywa chai. "Nikuulize. Siku yangu ikifika, akina Gervasi watazuiwa pale kwenye chokaa. Wewe uko huku ndani. Utanipokea?"

Ndugu msomaji, mtu kaniuliza jambo hilo uso kwa uso, kala nami chakula siku kumi na sita. Nilimjibu hivi:

"Nitaulizia utaratibu."

Hakukasirika. Alinisogezea kitumbua cha mwisho.

*

Siku ya ishirini na saba hakuja. Saa tatu niliuliza maswali yangu, nikaandika jibu langu, macho yangu yote njiani. Jua likapanda. Ilipofika saa sita niliona vumbi kutoka Kitopeni, kisha nikasikia dhikri.

Walikuja wote. Wa Barabara, wa Ukimya, wa Hawana, jeneza linapita kutoka bega hadi bega, kila mtu anataka kulibeba japo hatua tatu. Gervasi alikuwa mbele, kichwa wazi. Wanawake walisimama nyuma kabisa, karibu na karakana, na hata kutoka pale niliwasikia wanalia. Kufika kwenye chokaa, Afande Mabruki akainua mkono.

"Samahani sana, ndugu zangu. Mmezidi wawili."

"Afande, huu ni msiba!" Gervasi akasema.

"Naona, mzee wangu. Poleni sana. Ngoja nipige simu."

Alipiga. Tukaisikia sauti ya Mheshimiwa ikinguruma kwenye kisimu, naye Afande anaitikia ndiyo mkuu, ndiyo mkuu. Akakata, akajinyoosha kikakamavu.

"Mheshimiwa anatoa pole. Anasema marehemu ni mkazi halali, apite. Wabebaji si wakazi, wabaki. Marehemu apokelewe na wakazi wenzake."

"Wakazi gani, Afande?"

Amri ni amri, Mabruki akachukua kipaza sauti, akayageukia makaburi elfu nne na ushei, akaita:

"Wakazi wa Jimbo la Kuzikana! Kwa niaba ya Mheshimiwa Mwenyekiti, mnaombwa mje kumpokea mwenzenu!"

Sauti ikaenda mpaka ukuta wa mwisho, ikarudi. Jua lilikuwa utosini. Watu wa Kitopeni walisimama na jeneza begani, vidole vya miguu kwenye chokaa, na hakuna aliyecheka.

"Yusto," Gervasi akaniita. Hakuwahi kunitaja jina. "Tutamwangusha mama wa watu. Mabega yanachoka."

Sijui niliondokaje kwenye kiti. Utaratibu sikuuliza. Nilipita kando ya foleni ile ya majani, nikafika kwenye mstari, nikaingiza bega langu la kulia chini ya mkono wa mbele.

"Sukumeni," nikasema.

Wakasukuma. Jeneza likavuka chokaa taratibu, mpaka wao wakabaki wameshika ncha mbili za nyuma kwa vidole, mikono imenyooshwa, miguu haijavuka. Mkono wa mbele wa pili ulikuwa hewani, kushoto kwangu. Jeneza ni la watu wanne, mtu mmoja haliwezi.

"Tukiachia litaanguka!" Gervasi alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi.

"Achieni."

"Yusto, litaanguka!"

"Achieni, nimesema!"

Wakaachia.

Halikuanguka. Lilitulia begani mwangu, limenyooka, jepesi kuliko mkoba wangu wa ofisini. Nyuma yangu kilio cha wanawake kilikatika mara moja, na nikasikia kipaza sauti cha Afande kikidondoka chini. Nikaanza kutembea. Kulikuwa na hatua nyingine zinakwenda na zangu, za polepole, za watu waliozoea kazi hiyo. Sikugeuka. Woga niliokuwa nao siku zote zile ulikuwa umeniisha, na badala yake nikaona aibu, aibu kubwa sana, nikawa nasema kimoyomoyo nisameheni, nisameheni, mpaka tukafika.

Mbao zilikuwa zimekwisha ondolewa. Sitasimulia yaliyofuata, kwa sababu nilifumba macho, na nilipoyafumbua udongo ulikuwa umerudishiwa na kusawazishwa, na jeneza lilikuwa tupu pembeni.

Nilirudi kwenye chokaa. Watu wote walikuwa wamesimama palepale. Hakuna aliyeuliza nilichokiona, maana walikokuwa wamesimama walikuwa wameona kuliko mimi. Afande Mabruki alikuwa amevua kofia na ameikumbatia kifuani. Ni Gervasi tu aliyesogea, ncha za viatu vyake juu ya mstari, akasema kwa sauti ndogo:

"Wamemlaza ubavu wa kulia?"

"Wamemlaza."

"Uso wameuelekeza kibla?"

"Wameuelekeza."

Akaitikia kwa kichwa, akajifuta uso kwa mkono wa koti. Kisha akawageukia watu wa Kitopeni, akawaambia mama amezikwa, warudi mtaani wakale ubwabwa kabla haujapoa.